Udongo wa Liki za Cyril Pask

Siku walipokuja kuchimba bustani ya Winnie Pask, Winnie mwenyewe ndiye aliyewakaribisha. Alitoa chai, akatoa keki ya tangawizi, akabeba viti vitatu vya jikoni akavipanga nje kwenye nyasi. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kiangazi kile bustani thelathini na moja zilikuwa zimeshachimbwa hapa Thurlesham, kila moja shimo la mita kwa mita, na kilichopatikana kilikuwa kile kile: vigae vya sahani za buluu na nyeupe za enzi za bibi zetu, misumari yenye kutu, vipande vya viko vya udongo, na kwa Barry Catchpole, jino la farasi. Winnie alidhani kwake watapata vifungo vya mashati ya Cyril, basi.

Cyril alikuwa mumewe. Mungu alimchukua miaka minne iliyopita, kifua. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchimba makaburi wa kanisa letu, na kwa muda huo huo alikuwa bingwa wa liki. Liki ni kile kitunguu kirefu, cheupe huku chini na majani mapana huku juu, na mwanamume wa Thurlesham anaweza kusahau siku aliyofunga ndoa lakini hawezi kusahau Jumamosi ya pili ya Septemba, siku ya maonyesho ya mboga. Vikombe vya Cyril vimejaa juu ya kabati la sebuleni kwa Winnie. Barry, jirani yake wa ua mmoja, kila mwaka alikuwa wa pili. Kila mwaka. Watu walikuwa wakimwita Bwana Wapili mpaka wakachoka wenyewe.

Aliyesimamia uchimbaji alikuwa binti wa chuo kikuu, Tamsin Orrell, mtaalamu wa mambo ya kale, nywele fupi, magoti yamechubuka kama ya mtoto. Alimuuliza Winnie wachimbe wapi.

"Chimbeni pale kwenye maua, mpenzi," Winnie akasema. "Pale ardhi ni laini kama unga. Hutaumiza mgongo."

Ndivyo alivyo Winnie. Amefikisha miaka sabini na minane na bado anahangaikia migongo ya watu wengine. Hakukumbuka kwa nini ardhi ile ilikuwa laini.

Wakachimba sentimita kumi, wakasimama, wakachekecha udongo wote, wakaweka walichopata kwenye mfuko na kuuandika namba. Kisha kumi nyingine. Ndivyo kazi ile inavyofanywa, haina pupa. Mifuko minne ya kwanza haikuwa na kitu cha maana. Kwenye tabaka la tano Tamsin akainua mkono wasimame. Akaacha sepetu, akachukua mwiko mdogo, akapiga magoti. Kikatoka kigae cha kijivu, kigumu, kinene kama kidole. Kikatoka kingine. Kufikia chai ya saa kumi vilikuwa ishirini na tatu, vimepangwa kwenye trei ya Winnie juu ya gazeti.

"Bi Pask," Tamsin akasema, "unajua hivi ni nini? Hivi ni vigae vya vyungu vilivyofinyangwa mjini Ipswich. Vina miaka elfu moja na mia mbili. Kuna watu waliishi hapa, walipika hapa, kabla hata kanisa halijajengwa."

Desmond Fiske, mwenyekiti wa kikundi chetu cha historia, mtu ambaye hata akiomba chumvi huiomba kama anahutubia, akarusha kofia yake juu. "Nilisema! Si nilisema? Kila mtu anadhani kijiji kilianzia kanisani. Mimi nikasema hapana, kilianzia Mtaa wa Kinu! Winnie, mama, wewe umekaa juu ya kijiji chenyewe!"

"Hapa palikuwa na nini zamani, Bi Pask?" Tamsin akauliza. "Kabla ya maua?"

"Liki," Winnie akasema. "Palikuwa na liki tu."

Na neno hilo likiwa bado mdomoni, akakumbuka. Akaiona jikoni yake miaka ile, mlango umefunguliwa, baridi inaingia, na Cyril amesimama na ndoo iliyojaa vigae vya kijivu. Akasikia na sauti yake: "Vya kupitishia maji, Win. Liki hazipendi kulowa miguu. Naviweka chini kabisa ya mtaro."

Winnie akaweka birika chini, kwenye nyasi, wala si mezani. Desmond akalipiga teke bila kuliona.

Udongo wa makaburini hautoki makaburini. Sheria hiyo hapa kwetu hata watoto wa shule ya Jumapili wanaijua. Ni ardhi iliyowekwa wakfu. Jeneza likishaingia lazima udongo ubaki, maana jeneza lina nafasi yake, na ule unaobaki hurundikwa nyuma ya ukuta wa kaskazini, huko huko ndani. Lakini udongo ule ni mweusi, mzito, una rutuba ya miaka mia nane, na Cyril alikuwa mkulima kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Akaanza na ndoo moja, ikawa mbili, baadaye akaleta toroli lenye turubai juu. Kwa heshima yake niseme hivi, na Winnie ananiapia: mifupa aliichambua kwa mkono, kipande kwa kipande, akairudisha shimoni na kuisemea sala. Hakuna hata mfupa wa kidole uliovuka lango. Vigae aliviona ni takataka tu za zamani.

Sasa hilo peke yake Winnie angeweza kulibeba. Angeenda kwa kasisi, angelia kidogo, yangekwisha. Kilichomlemea ni kwamba alikumbuka na mwaka. Mtaro ule wa liki Cyril aliuchimba upya majira ya baridi ya mwaka themanini na sita, na ndoo ile ya vigae ilitoka kwenye kaburi la Ivy Catchpole. Mama yake Barry.

Winnie aliniambia Ijumaa, tukipanga maua ya kanisa kama kila Ijumaa. Nilishaona tangu ameingia kwamba hayuko sawa. Alikata shina la ua, akalikata tena, akalikata mpaka likabaki kichwa tu. Akaenda mlangoni akachungulia njiani. Akarudi. Akaenda tena.

"Winnie, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Basi kaa, kiuno chako."

"Nikikaa nasikia vibaya zaidi."

Akanimwagia yote huku anazunguka madhabahu na mkasi mkononi, hata nikaogopa kwa ajili ya vitambaa. Alisema usiku ule Cyril alipoleta ndoo, yeye alimgombeza. Alimwambia, "Cyril, huyo ni Ivy!" Na Cyril akamjibu, "Siyo Ivy. Ni udongo uliompisha Ivy." Naye Winnie akacheka. Mungu amsamehe, alicheka, akafunga mlango baridi isiingie. Na Septemba iliyofuata Cyril alimshinda Barry kwa upana wa dole gumba.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambieje? Kila asubuhi ananiletea gazeti. Cyril alipokuwa mgonjwa ni Barry aliyembeba kwenda msalani. Ni Barry! Nitamwambia nini? Barry mpenzi, mume wangu alikushinda kwa udongo wa kaburi la mama yako, na mimi nilijua, na supu ya liki zile nikapika?"

Nilimwambia tuombe, tukaomba. Lakini hata katikati ya sala nilimsikia anasogeza miguu.

"Labda yatapita," akasema mwishoni. "Ni vigae tu. Wataviweka kwenye sanduku huko chuoni, nani atauliza?"

Hayakupita. Jumamosi mchana ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka watu wakasimama kando ya jiko la chai. Desmond alikuwa ametundika ramani kubwa ya Thurlesham, na mahali pa kanisa amepafunika kwa karatasi nyeupe kana kwamba kanisa limehamishwa. Kwenye Mtaa wa Kinu alikuwa amechora duara jekundu, na juu yake ameandika Makazi ya Pask. Akatangaza kwamba bango la mbao limeshaagizwa, litasimama mbele ya nyumba ya Winnie, na jina la Cyril litakuwamo, maana ni mikono yake iliyoitunza ardhi ile.

Watu wakapiga makofi. Winnie alikuwa kiti cha mbele, amevaa koti lake la buluu, anazungusha pete kidoleni, anazungusha, anazungusha.

Tamsin akasimama. Alikuwa mwangalifu kuliko Desmond. "Kuna kitu kimoja kinanisumbua," akasema. "Vigae vyote viko tabaka moja, vimelala pamoja. Hakuna mifupa ya wanyama, hakuna majivu. Watu wakiishi mahali huacha majivu. Shimo moja halitoshi. Ningependa kufungua mtaro mrefu hapo pembeni, Jumatatu, kabla mvua hazijaanza."

"Pembeni wapi?" mtu akauliza.

Tamsin akamtazama Barry kwa aibu. "Kwa Bwana Catchpole. Kwenye liki."

Yalikuwa yamebaki majuma matatu kufika maonyesho. Tangu Cyril afariki, Barry alikuwa ameshinda mara moja tu, na mara ile alisema haihesabiki, kwa sababu aliyestahili kushindwa hakuwepo. Mwaka huu liki zake zilikuwa nene kama mkono wa mwashi. Watu walikuwa wanakwenda kuziangalia juu ya ua kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga.

Barry akasimama taratibu. Ni mtu mrefu, ana miaka sabini na moja, hakuoa, aliishi na mama yake mpaka alipomzika. Akajikuna shingo.

"Chimbeni," akasema.

"Barry, usifanye mchezo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Ukizing'oa sasa utakuwa wa pili hata mwaka ambao hushindani!"

Kicheko kikalipuka. Barry naye akacheka, akainua mkono. "Sikilizeni. Cyril alinichapa miaka thelathini na mmoja. Kama chini ya liki zake kulikuwa na watu wa kale, basi na chini ya zangu wapo, nami nataka kuwaona. Pengine ndio waliokuwa wakimsaidia, mafisadi wale." Kisha akageuka kwa Winnie. "Nafanya kwa ajili ya mzee wako, Win. Jina lake likae vizuri."

Winnie akainuka kana kwamba amechomwa. Nilidhani atasema. Badala yake akasema anajisikia joto, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anatembea kwa haraka kuelekea kanisani, anasimama, anageuka, anarudi, anasimama tena katikati ya barabara, hajui aelekee wapi.

Jumapili baada ya ibada alijaribu. Barry alikuwa kaburini kwa mama yake upande wa kaskazini, amepiga magoti na mkasi wa kukatia nyasi, kama kila Jumapili. Nami nilikuwa nafuta vumbi kwenye vitabu vya nyimbo kwenye baraza ya kanisa, nikasikia kila neno.

"Barry."

"Ee, Win. Tazama, zimeota tena. Mama alikuwa hapendi nyasi ndefu. Alikuwa akisema bustani yenye nyasi ndefu ni ya mtu asiyeoga."

"Barry, kuhusu kesho."

"Usianze. Najua unakuja kunihurumia. Liki ni liki, mwakani nitapanda nyingine." Akakata, akakata. "Unajua jana sikupata usingizi? Siyo kwa huzuni, wee. Nilikuwa nawaza: miaka yote nimejaribu samadi ya kuku, nimejaribu mwani kutoka pwani, nimejaribu damu ya ng'ombe kwa mchinjaji mpaka mbwa wa mtaa mzima wakahamia kwangu. Na Cyril alikuwa ananiambia tu, 'Zungumza nazo, Barry, zizungumzie kwa upole.' Nikawa nazungumza nazo! Mtu mzima!"

Winnie alishika jiwe la kaburi la jirani. "Kulikuwa na kitu," akasema.

"Najua kulikuwa na kitu. Alikuwa mjanja, Mungu ampumzishe. Nikimkuta huko nitamkaba." Akainuka akajifuta magoti. "Ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nasema... maua. Nikuletee maua ya kuweka hapa."

"Mama alikuwa hapendi maua yaliyokatwa. Lakini asante, Win."

Akaondoka. Winnie alibaki pale na ndege wa kanisani. Nilipomfuata nikamkuta anapiga jiwe lile kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Jumatatu saa tatu asubuhi Tamsin alishafunga kamba na vigingi kwenye shamba la Barry. Desmond alikuja na kamera. Liki ishirini na nne zilisimama mistari miwili, kila moja imevishwa karatasi ngumu shingoni ili iwe nyeupe. Barry alisema hatawaachia wageni, atazing'oa mwenyewe. Akachomeka uma wa kulimia chini ya ya kwanza, akainua, ikatoka na mizizi yake kama ndevu. Akailaza kwenye gunia. Akafuata ya pili.

Mimi nilikuwa kwa Winnie, nimekuja na mkate. Yeye alikuwa dirishani. Alikuwa amevaa aproni na viatu vya ndani, na tangu alfajiri, alisema, alikuwa ameshaosha vyombo mara tatu. Uma ulipoingia chini ya ya tatu, akatoka. Hakuchukua koti. Akapita penye mwanya wa ua, ule ambao Barry huupitia na gazeti, nikamsikia anasema kabla hata hajafika:

"Iache. Barry, iache hiyo, usiinue."

"Win, tulishazungumza..."

"Hakuna watu wa kale kwangu. Hawakuwahi kuwapo. Cyril ndiye aliyevileta. Vigae vyote, na udongo wote ule, alivileta kutoka makaburini kwa toroli, mwaka hadi mwaka, na mimi nilijua."

Uma ulibaki umechomekwa. Desmond akashusha kamera. Tamsin akageuza ndoo akaikalia, polepole, kama mtu anayeona hesabu iliyokuwa inakataa sasa inakubali.

"Ndiyo maana hakukuwa na majivu," akasema. "Bi Pask, alivitoa upande gani wa kanisa? Unakumbuka?"

"Bango limeshachongwa!" Desmond akasema. "Winnie, una hakika? Pengine ni umri, mama, pengine unachanganya..."

"Desmond, nyamaza," Tamsin akasema. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia hivyo. "Upande gani, Bi Pask?"

Winnie hakumtazama Tamsin. Alimtazama Barry. Angeweza kusema sijui. Nilisimama kwenye mwanya wa ua na mkate wangu nikijua kwamba angeweza, na kwamba hakuna aliye hai ambaye angembishia.

"Kaskazini," akasema. "Majira ya baridi ya themanini na sita. Lilikuwa kaburi la Ivy."

Barry aliutazama uma. Akautazama ua, na ng'ambo ya ua, kwenye maua ya Winnie na lile shimo lililofunikwa ubao. Kisha akaokota zile liki mbili zilizong'olewa, akairudisha ya kwanza kwenye shimo lake, akakandamiza udongo kwa buti, akairudisha ya pili, akakandamiza. Akaingia ndani akafunga mlango. Tulisikia komeo.

Jumanne gazeti halikuja. Winnie alikwenda kwenye mwanya wa ua mara sita kabla ya adhuhuri. Kijijini habari ilikuwa imeshafika dukani, na dukani ndiko inakonenepa. Mwanamke mmoja alisema supu ya sikukuu ya mavuno ilikuwa ya liki za Cyril miaka yote ile, kwa hiyo tumekunywa bibi zetu. Mwingine akasema bibi yake yeye alikuwa mchungu, angeijua ladha. Wengine walicheka, wengine hawakucheka kabisa, na mmoja, ambaye mtoto wake amelala upande ule ule wa kaskazini, alitoka dukani bila kuchukua chenji wala maziwa. Huyo ndiye aliyemuumiza Winnie kuliko wote nilipomsimulia. Nilijuta kumsimulia.

Kasisi Judith alimtembelea. Alimsikiliza, akamshika mkono, hakumlaumu wala hakumpunguzia. Alisema kinachoweza kurudi na kirudi, siku itakayopangwa, na yeye atasema sala. Winnie akamuuliza kama ajiondoe kwenye kazi ya vitambaa vya madhabahu. Kasisi akasema atafikiri. Sikulipenda jibu hilo, lakini lilikuwa la kweli.

Tamsin naye alipita kuchukua vigingi vyake. Alimwonyesha Winnie ramani mpya. Duara jekundu la Mtaa wa Kinu limefutwa, na pembeni mwa kanisa, upande wa kaskazini, ametia nukta moja ndogo. Hawatachimba pale, alisema, wafu wana haki zao. Lakini sasa wanajua kwamba kabla ya kanisa kulikuwa na majiko pale pale, na kama Winnie angenyamaza wangeandika uongo kwenye vitabu na watu wangeusoma miaka mia. Winnie alisema ndiyo mpenzi, ndiyo mpenzi, huku macho yake yako kwenye ua.

"Alitoka leo?" akauliza.

"Sikumwona, Bi Pask."

Jumatano saa nne hivi tulisikia chuma kinagonga jiwe. Winnie akawa dirishani kabla yangu. Barry alikuwa ndani ya bustani yake Winnie, bila kubisha, bila kuomba, ameng'oa maua yote ya upande mmoja na kuyalaza vizuri kwenye gunia lenye maji, anachimba. Toroli lake lilikuwa limeshajaa nusu.

Winnie akatoka. Akasimama hatua nne kutoka kwake, mikono ndani ya aproni, kisha nje, kisha ndani.

"Barry."

"Namrudisha mama," akasema bila kuinua kichwa.

"Kasisi alisema tungoje siku ya..."

"Nimengoja vya kutosha. Kumbe nilikuwa nangoja bila kujua." Akatupa sepetu moja torolini. "Alichimba kina gani?"

"Kiunoni. Kiunoni kwake. Kwako ni chini kidogo."

"Na upana?"

"Mpaka pale penye waridi."

Barry akapaangalia pale penye waridi. Ni mbali. Ni toroli nyingi. Akashusha pumzi.

"Umesema ulijua."

"Nilijua."

"Siku zile zile? Ulipokuja kwangu na pai, majuma yale baada ya mazishi, ulijua?"

"Nilijua, Barry."

Akaendelea kuchimba. Nilidhani amemaliza naye. Winnie pia, nadhani, maana aligeuka akaelekea kwenye banda. Kumbe alikwenda kuchukua ndoo, ile kubwa ya mabati, akarudi, akapiga magoti kwenye ukingo wa shimo na miaka yake yote sabini na minane, akaanza kuijaza kwa mikono. Barry alimtazama.

"Ndoo hiyo utaiinuaje?"

"Nitaijaza nusu."

"Utavunjika kiuno nishitakiwe mimi."

"Nitaijaza robo."

Wakaenda hivyo hivyo, Barry mbele na toroli, Winnie nyuma na robo ndoo, kwa barabara kuu, mchana kweupe, mbele ya duka, watu wametoka nje na vikapu vyao kuangalia. Winnie alikuwa anakaribia kukimbia ili asiachwe. Mimi niliwafuata na koti lake, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza.

Kaburini Barry alimwaga udongo kando ya jiwe, akausambaza kwa kiganja, kidogo kidogo, kama anatandika kitanda. Winnie akamwaga wa kwake. Akavunja bonge kwa vidole. Nikasema Baba Yetu peke yangu, na kwenye "utusamehe" nikamsikia Winnie ameingia, na baadaye kidogo, chini chini, Barry.

Kisha akakaa juu ya nyasi, akafuta jasho.

"Liki zangu alikuwa hazipendi," akasema. "Mama. Alikuwa akila za Cyril. Alikuwa akizinunua kwa siri hapo kwenu, akidhani sijui."

"Alikuwa anapita kwenye mwanya," Winnie akasema.

"Najua alikopita." Akang'oa unyasi mmoja kando ya jiwe. "Simsamehi, Win. Cyril. Leo simsamehi. Na wewe sijui bado."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Si sawa."

"Haya."

Barry akainuka, akageuza toroli lielekee barabarani. Lilikuwa linalia gurudumu. Alitembea hatua chache, akasimama, akasubiri bila kugeuka, mpaka Winnie alipookota ndoo yake.